Sikuiba Sukari

Nilikojoa kitandani nikiwa na miaka kumi na tano. Naanza na hilo kwa sababu ndilo gumu zaidi kuliandika, na nikishalivuka mengine yatakuja yenyewe. Kitanda chenyewe hata si changu peke yangu. Ninalala na dada yangu Linet, ambaye ana miaka ishirini na anasuka watu katika saluni moja hapa mtaa wa Tena, na ni yeye aliyeamka kwanza akiwa amelowa mgongo.

Hakupiga kelele. Aliketi, akagusa godoro, akaniangalia.

"Neks," akasema, "hii ni kitanda ama ni mto wa Mathare?"

Nikaanza kulia. Akaacha utani, tukageuza godoro pamoja kabla Mama hajaamka, na hajawahi kumwambia mtu. Juzi nilimwomba ruhusa ya kuandika habari hii. Akasema niandike tu, mradi nisiseme ni yeye aliyekojoa.

Ilikuwa Aprili, wakati wa mvua ndefu, na godoro lilichukua siku tatu kukauka.

Mimi si mtu wa kuongea. Darasani nikijua jibu huliandika pembeni mwa kitabu, nikangoja mwingine aliseme. Ninachokiweza ni daftari. Naandika kila siku, hata kama ni mstari mmoja, na haya yote nimeyatoa humo. Nayaandika upya sasa kwa sababu mabaya yamepita, na kwa sababu najua kuna mtu mahali ameketi kwenye benchi la hospitali na mkojo wake kwenye kikopo, hajui aufiche wapi.

Kabla ya kitanda kulikuwa na kiu. Hapa kwetu maji ya mfereji huja mara mbili kwa wiki, tunayahifadhi kwenye mitungi ya plastiki, na Mama akaanza kuuliza ni nani anayemaliza maji ya kupikia. Nilikuwa mimi. Nilikunywa mpaka tumbo likapiga kelele nikitembea, na midomo bado ilikuwa mikavu kama karatasi. Sketi ya shule ikawa inazunguka kiunoni, nikaikaza kwa pini, na wasichana wa darasa letu la kidato cha pili wakaniuliza natumia nini kwa sababu nao wanataka kupungua. Nilifurahi kidogo. Naliandika hilo pia. Nilikuwa ninakufa, na nilifurahi kwa sababu kwa mara ya kwanza kuna watu walioniuliza kitu.

Kisha maandishi ya ubaoni yakawa na ukungu. Kisha nikaanza kutapika. Mama alinunua dawa ya taifodi dukani, nikainywa, nikaitapika. Siku ya tatu Linet alinikaribia anifute uso, akasema mdomo wangu unanuka ndizi zilizoiva sana. Nilikuwa nikipumua kama mtu aliyepanda ngazi mbio, na nilikuwa nimelala chini. Baba alinibeba mgongoni kutoka gorofa ya nne. Hospitalini walinichoma kidole, mashine ndogo ikakataa kutoa namba, ikaandika herufi tu. Sukari ilikuwa imepita mahali ambapo mashine inajua kuhesabu.

Nilikaa siku sita. Siku mbili za kwanza sizikumbuki.

Nilipopata nguvu ya kukaa, nesi mmoja anayeitwa Sista Mwende alikuja kutufundisha, mimi na Mama. Ni mama mfupi wa Machakos mwenye sauti ya kuuza mboga. Sitaeleza mambo ya daktari, sitayaweza, ila nitaweka alivyosema yeye kwa sababu ndiyo maelezo yaliyoniingia. Alisema niwaze gorofa yetu. Makaa yameletwa, magunia yamejaa pale chini mlangoni, lakini hakuna mtu wa kuyapandisha. Kwa hiyo chini makaa yamezidi mpaka watu hawapiti, na juu, gorofa ya nne, watu hawana moto wa kupika. Wakilemewa na njaa wanaanza kuvunja viti na kitanda wapate kuni.

"Makaa ndiyo sukari," alisema. "Imejaa kwenye damu, haiingii mwilini. Viti ndivyo nyama yako uliyokonda. Na ule moshi wa viti ndio huo ulionuka mdomoni."

Wapandishaji ndio insulini. Kwa watu wengine kiungo kinachoitwa kongosho huwatuma chenyewe: ukila sana wanakuja wengi, ukikaa na njaa wanabaki wachache, na hakuna anayekumbuka kuwashukuru. Kongosho langu limeacha kuwatuma. Si kwa sababu nilikula peremende nyingi, alisema, na si dhambi ya mtu. Kuanzia sasa nitawatuma mwenyewe, kwa sindano, asubuhi na jioni, na nihesabu vizuri, maana wakizidi watabeba hata yale machache ya akiba na nitatetemeka nianguke.

Mama aliuliza mpaka lini. Sista Mwende akamwambia, bila kupunguza sauti, siku zote. Mama alichukua leso yake akaifunga upya, ingawa ilikuwa imefungwa vizuri.

Tulirudi nyumbani na bomba za sindano, mashine ya kupimia na chupa tatu. Moja ilikuwa ya kutumia, ambayo tuliambiwa inaweza kukaa nyumbani mahali pasipo na joto. Mbili zilikuwa za akiba, za kuwekwa kwenye baridi. Hapo ndipo ilipoanza hesabu ya nyumbani kwetu, kwa sababu hatuna friji. Jirani wa mlango wa pili anayo, lakini Mama hakutaka mtu yeyote wa gorofa yetu ajue. Msichana wa miaka kumi na tano anayejidunga sindano hapa mtaani atasemwa kabla ya jioni, na hawatasema sukari. Baba akasema hilo si tatizo. Yeye anakata nyama katika buchari moja soko la Burma, miaka kumi na mbili sasa, na baridi anaijua kuliko mtu yeyote wa Tena. Akazifunga chupa mbili kwenye karatasi ya nailoni, akaenda nazo kazini.

Mei ilikuwa nzuri. Niliandika hivyo kwenye daftari, maneno matatu. Nilijifunza kujidunga pajani, halafu tumboni, nikijificha nyuma ya pazia. Mara ya kwanza nilikaa na sindano mkononi mpaka chai ikapoa. Mara ya kumi nilikuwa naongea na Linet huku nadunga. Namba zilishuka zikawa za watu wenye afya, sita, nane, saba. Ukungu ubaoni ukatoka. Pini ya sketi nikaitupa. Linet akaanza kunywa chai yake bila sukari pamoja nami, na kila asubuhi alikunja uso kama anayemeza kwinini, lakini akainywa. Sijui kama anajua kilivyonisaidia kile kikombe.

Chupa ya kwanza iliisha katikati ya Juni. Baba akaleta ya pili.

Siku mbili baadaye namba zilianza kupanda. Kumi na tatu. Kumi na sita. Mama alifikiri nimekosea kuvuta dawa, akaanza kusimama nyuma ya pazia akinitazama. Nilivuta sawa. Kumi na nane. Tulipoenda kliniki daktari akaongeza kipimo cha dawa, akaniuliza ninakula nini shuleni. Nikasema githeri, mahindi na maharagwe. Akauliza na baada ya githeri? Sikujibu, kwa sababu baada ya githeri hakukuwa na kitu, lakini mimi nikiulizwa swali mbele ya watu macho yangu huangalia sakafu, na mtu anayeangalia sakafu huonekana mwongo. Nilimwona Mama akinitazama. Hapo ndipo shaka ilipomwingia.

Jioni hiyo mkebe wa sukari uliondoka jikoni ukaenda ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda chake. Mfuko wangu wa shule ukawa unapekuliwa. Alimuuliza Linet kama nina marafiki wanaoninunulia soda. Linet akanitetea, akaambiwa yeye ndiye anayenidekeza. Baba naye alikuwa akirudi kutoka Burma ananiangalia kama mtu anayepima kipande cha nyama kwa macho, ajue kimepunguka kiasi gani. Nilikuwa napunguka kweli. Baridi ya Julai ilikuja, kiu ikarudi nayo, na nilikunywa maji ya baridi nikitetemeka, na usiku nilienda chooni mara tano nikiogopa godoro.

Nawaambia ukweli, kuna siku hata mimi nilijiuliza kama ninakula usingizini.

Mwisho wa Julai nililazwa tena. Herufi badala ya namba, ndizi mdomoni, kila kitu. Wakanitundikia maji na insulini ya hospitali, na kesho yake namba ilikuwa tisa. Nilishangaa. Kipimo kilikuwa kidogo kuliko cha nyumbani, chakula kilikuwa ugali na maharagwe kama cha nyumbani, na sukari ilishuka kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Nilifikiri sasa wataona. Mama aliona, lakini aliona kitu kingine.

"Unaona?" aliniambia, amekaa kando ya kitanda. "Hapa hakuna pa kuiba."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyechoka, na ndiyo sababu iliniuma. Ukali ningeuzoea.

Nilipotoka hospitalini, shule zilikuwa zimefungwa. Mama na Baba walikuwa wamekwisha kuamua: likizo ikiisha sitarudi shuleni. Nitaenda ushago, kijijini Bungoma, kwa nyanya yangu, ambaye nina jina lake, akanilinde. Kule hakuna duka karibu, na nyanya haendi kokote. Shule tutaona mwakani. Baba huniita Mama kwa sababu ya jina hilo, na aliniambia, "Mama, utakaa na mama yangu, si mbaya." Kwake lilikuwa jambo la upendo. Mimi nilihesabu wiki. Zilikuwa tatu.

Na Alhamisi ya wiki ile ile, akina mama wa kanisa walikuja kwetu kwa maombi, kwa sababu ilikuwa zamu yetu kuwakaribisha. Nilikuwa jikoni nikichemsha chai. Kila mmoja hutoa ombi lake. Mmoja akaombea kijana wake apate kazi, mwingine mguu. Mama akasimama akasema mtoto wake mdogo ana ugonjwa wa sukari. Siri ya miezi yote hiyo, ameitoa mwenyewe. Kisha akaongeza kwamba mtoto huyo anaiba vitu vitamu kwa siri na anajiua, wamwombee Mungu aondoe huo wizi. Wakaomba. Mama Kevo, ambaye ndiye kiongozi wao, ana sauti inayofika mtaa wa Umoja, na alilitaja jina langu lote.

Nilipeleka chai. Hakuna aliyenitazama usoni.

Sasa nitaandika la keki. Kesho yake nilienda saluni kumpelekea Linet chakula, na kulikuwa na msichana anayesherehekea siku ya kuzaliwa. Akanikatia kipande. Linet alikuwa amenipa mgongo, anaosha mtu nywele. Nilikila chote. Sikuwa na njaa wala hamu. Nilifikiri tu, kama mimi ni mwizi mpaka Mungu ameshaambiwa, basi wacha niibe. Niliandika hivyo hivyo kwenye daftari, upande wa kulia, nikakoleza mstari chini.

Siku iliyofuata Mama alinituma Burma kuchukua chupa ya tatu, kwa sababu ya pili iliisha nilipolazwa, na dawa kidogo niliyotoka nayo hospitalini ilikuwa imeisha. Baba alikuwa na wateja, koti jeupe limejaa damu mpaka kiwiko, akiniambia ningoje huku shoka linashuka. Alipopata nafasi alinipeleka nyuma. Kuna friji yenye kioo, ya kuonyesha nyama, na kuna friza refu kama jeneza. Alifungua friza. Akainua matumbo, akainua figo, akaingiza mkono mpaka begani, akatoa karatasi ya nailoni iliyoshikamana na barafu. Aliigonga ukingoni ikabanduka.

"Nimekuwekea chini kabisa, Mama," alisema. Alikuwa anajivunia. "Kwa friji nyama ni siku tatu. Hapa chini hata ya Krismasi haiozi."

Chupa ilikuwa jiwe. Niliitia kwapani ndani ya sweta, na nilipofika Tena ilikuwa imeyeyuka. Nilikwenda nyumbani nikaandika upande wa nyuma wa ukurasa ule ule: *Leo nimechukua chupa ya tatu Burma, imenichoma kwapa kwa baridi.* Nilidhani ni jambo la kuchekesha.

Siku mbili baadaye, kumi na tano.

Jumanne ya mwisho ya likizo tulienda kliniki kuchukua barua ya kunihamishia Bungoma. Lile benchi nalijua kuliko dawati langu. Watoto wadogo hulia kwa zamu, mmoja akinyamaza mwingine anapokea, na akina mama hubadilishana ndizi mbichi na habari. Mimi nilikuwa nasoma daftari ili nisiangaliwe. Sikuwa natafuta kitu. Nilikuwa nasoma Juni tu, kwa sababu Juni bado nilikuwa nina raha, na nikafika pale nilipoandika Baba ameleta chupa ya pili. Chini yake siku mbili, kumi na tatu. Nikafungua mbele. Hospitali, tisa. Nikafungua mbele. Chupa ya tatu, jiwe, kwapa. Chini yake siku mbili, kumi na tano.

Nilirudi nyuma nikasoma tena. 

Namba hazikufuata chakula. Zilifuata Burma.

Na papo hapo nikakumbuka keki. Ukurasa ule ule, upande wa pili. Nikimpa mtu daftari aone la Burma, akifungua atasoma la keki, na Mama yuko pale, na barua iko njiani, na nani atasikiliza habari ya barafu akishasoma kwamba mwizi amekiri kwa mkono wake? Nilifikiri kuuchana. Nilishika hata pembe ya karatasi. Lakini ukichana upande mmoja umechana pande zote.

Jina langu likaitwa.

Ndani alikuwa Sista Mwende. Mama ndiye aliyeongea. Alieleza yote, wizi, sanduku la bati, uamuzi wa ushago. Sista alikuwa akiandika, akiuliza maswali yake ya kawaida. Anadungwa mara ngapi. Sehemu gani. Dawa mnaweka wapi.

"Kwa friji," Mama akasema. "Kazini kwa baba yake. Friji kubwa sana."

"Sawa," Sista akasema, akaandika, kalamu ikaendelea na mstari mwingine.

Nilijua kalamu ikifika chini ya karatasi ile nimekwenda Bungoma. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Nikafungua tena.

"Si friji," nikasema. "Ni friza."

Mama aligeuka. Sijawahi kumsahihisha Mama mbele ya mtu, na kwetu mtoto hafanyi hivyo. Kabla hajasema nilimsukumia Sista daftari mezani, limefunguliwa pale.

"Soma pande zote mbili," nikamwambia.

Alisoma polepole. Alisoma upande mmoja, akageuza, akasoma wa pili, akarudi Juni nilipomwonyesha kwa kidole. Kisha akaiomba chupa. Mama akaitoa mkobani. Ile dawa yetu huwa nyeupe kama maji ya mchele, ukiizungusha kwenye viganja inakuwa sawa. Sista aliizungusha, akaiinua dirishani. Ndani yake kulikuwa na punje punje, kama maziwa yaliyokatika, na nyingine zimeganda kwenye kioo. Nilikuwa nimeziona kila siku. Nilidhani ndivyo chupa mpya zilivyo.

"Iliganda?" akaniuliza mimi, si Mama.

"Ilikuwa jiwe."

Aliiweka mezani, mbali kidogo naye. "Mama Linet," akasema, "insulini ikishaganda imekufa. Hata ikiyeyuka haifufuki. Huyu mtoto mmekuwa mkimdunga maji."

 Mkono wake ulikuwa juu ya meza, ukatafuta wangu, haukuupata, kwa sababu nilikuwa nimeficha yangu kati ya magoti.

Sista akarudi kwenye daftari. "Na hii keki?"

"Niliila."

"Ilikuwa tamu?"

Nilifikiria. "Ilikuwa kavu."

Akacheka mpaka mwenzake wa chumba cha pili akachungulia. Alisema kipande kimoja cha keki kavu hakiwezi kumlaza mtu hospitali, na akatoa chupa nzima kwenye friji yake, akanidunga pale pale, akatuambia tukae kwenye benchi. Tulikaa mpaka saa nane. Mama alininunulia yai la kuchemsha na mahindi ya kuchoma nusu, yeye hakula. Namba ilipopimwa ilikuwa imeanza kushuka, na wiki ile ile ikarudi kuwa ya watu.

Barua hatukuichukua.

Baba aliambiwa jioni. Alikuwa anakula, akaacha tonge mkononi. Sikutaka kumwona vile. Ni mtu ambaye hajui kukaa bila kufanya kitu, na alikaa muda mrefu akiangalia mikono yake. "Mama," akaniambia mwishowe, "mimi nyama naijua. Hii sikuijua." Keshoye alirudi na vyungu viwili vya udongo, kimoja kikubwa, kimoja kidogo kinachoingia ndani yake, na mchanga aliouomba kwa mafundi wa mjengo. Sista alikuwa amemwambia namna ya kufanya: mchanga katikati ya vyungu, umwagie maji, funika kwa kitambaa kilicholowa, weka kivulini. Ndani panakuwa na ubaridi wa kutosha, wala hapagandi. Kila asubuhi kabla ya kwenda Burma huumwagia mchanga maji, hata siku ambazo mfereji umekauka na sisi wenyewe tunaoga kwa kikombe. Baba hakuniomba msamaha zaidi ya hapo, na sikuhitaji.

Kwa anayesoma haya akiwa na chupa yake mkononi: waulize wanaokupa dawa, baridi kiasi gani? Sisi tuliambiwa isigande, nina hakika tuliambiwa, lakini siku ile Mama alikuwa analia moyoni na neno lile lilipita. Kila mmoja nyumbani alifanya kwa upendo na kwa akili ya kazi yake. Andika siku unapofungua chupa. Itazame kwenye mwanga. Na kama umekula keki, andika keki. Daftari lenye uongo lisingenisaidia, kwa sababu Sista aliniambia baadaye kwamba ni ile keki iliyomfanya aamini yaliyobaki.

Nilirudi shuleni Septemba. Mwalimu wa darasa ananiachia nipime nyuma ya darasa, na wale wasichana wa kuuliza natumia nini sasa wanataka kuona sindano. Kuna siku mbaya. Kuna siku natetemeka katikati ya hesabu na kula glukosi huku wote wananitazama. Lakini nimenenepa. Mama ameachia mshono wa kiuno cha sketi.

Zamu yetu ya maombi ilifika tena mwezi Novemba, mvua fupi zikipiga bati za majirani. Nilikuwa jikoni kama kawaida. Maombi yalizunguka yakafika kwa Mama, akasimama.

"Agosti niliwaomba mumwombee Nekesa aache kuiba," akasema. "Hakuiba. Ni sisi tuliharibu dawa, na mimi nikamsema kwenu. Leo naomba mniombee mimi."

 Mtu akasema amina ndogo. Linet, aliyekuwa anapanga vikombe karibu nami, alishika sinia kwa nguvu kama litaanguka, na hatukuangaliana, kwa sababu tungeangaliana tungelia na chai ingechelewa.

Walipokuwa wakiaga, Mama Kevo aliingia jikoni peke yake. Aliomba maji. Akamaliza kikombe, akaomba kingine, akamaliza, akakishika bila kukirudisha. Kisha akaniuliza, kwa sauti ambayo sikujua anayo, ile mashine yangu inapima watu wazima pia? Siku hizi anaamka mara nne kwenda chooni. Alidhani ni umri. Akaniomba nimpime upesi, na nisimwambie mama yangu wala mtu yeyote.

Niliweka sindano mpya ya kidole, nikamshika mkono, nikamchoma. Tukangoja pamoja. Kumi na tisa.

"Ni mbaya?" akauliza.

"Inatibika," nikamwambia. "Lakini haitibiki kwa siri."

Akanitazama. Na mimi nikageuka mlangoni, nikaita kwa sauti ambayo wote sebuleni waliisikia: "Mama, njoo jikoni. Jumanne tunaenda kliniki watatu."